Leso ya Malai

Juu, Mji wa Kale
Jumanne, 8 Julai 2025

Bi Ketty,

Salaam aleikum, au habari za asubuhi, chukua ile inayokufaa. Nakuandikia kwa sababu magoti yangu yamekataa ngazi na masikio yangu yamekataa simu, na wewe huondoka kwenda kazini Shimanzi kabla sijakunja msala. Kile kikapu ninachoteremsha kwa kamba kutoka roshani kununulia maziwa kwa Zein wa duka la mkabala, leo kinakuletea barua. Nijibu kwa kikapu hicho hicho.

Nina swali moja. Jana jioni ni kitu gani kilichobweka chini ya sakafu yangu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia?

Nilikupangisha vyumba vya chini kwa sababu u mtu mmoja, mtaratibu, huna kelele. Hukuniambia una askari. Paka wangu Malai yuko juu ya kabati la vyombo tangu jana na hataki kushuka, hata kwa nyama ya kusaga. Huyu ndiye mwenzangu katika nyumba hii tangu Bwana Allarakha alipofariki. Ngazi hizi ni zake kuliko zilivyo zangu, kila asubuhi hushuka kwenda ua wa nyuma kuota jua, kisha hurudi kula. Leo hakushuka. Nasubiri maelezo yako, na nasubiri nikiwa nimekasirika.

Hajrabai Allarakha


Chini
Jumanne, 8 Julai, jioni

Mama Hajrabai, shikamoo.

Nilipaswa kukuomba ruhusa kabla, na sikukuomba kwa kuwa niliogopa utakataa. Sina sababu nyingine ya kukudanganya nayo.

Anaitwa Sajini. Alikuwa mbwa wa ulinzi katika godauni moja Shimanzi, na aliyekuwa akimwongoza ni kaka yangu Ken. Unamkumbuka Ken, ndiye aliyenibebea kitanda siku nilipohamia, akajigonga kichwa kwenye mlango wako mfupi na ukamteremshia barafu kwa kikapu. Mwezi wa tano lori lilimgonga nje ya geti. Nilipotoka kumzika kwetu Siaya, wenye godauni wakaniambia mbwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, hamtii mtu mwingine, basi watampiga sindano afe. Nikamfungua nikaondoka naye siku hiyo hiyo. Nilijaribu kumweka kwa rafiki yangu Majengo, wenye nyumba wakamkataa.

Mama, hana pengine. Akitoka hapa anarudi kwa sindano. Na kwangu mimi, Ken hakuacha kitu kingine kinachopumua.

Naomba unifikirie.

Ketty Awino


Juu
Alhamisi, 10 Julai

Bi Ketty,

Ken namkumbuka. Alinishukuru kwa ile barafu kama nimempa dhahabu. Mungu awape subira. Ungeniambia siku ya msiba ningekuletea chakula, nawe ukanyamaza kama mimi si mtu wa nyumba moja nawe. Hilo limeniudhi kuliko mbwa.

Sasa mbwa. Majirani wameshanijia na habari kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Nimewaambia hayo niliyasoma kabla wao hawajazaliwa, na habari za mbwa wa ulinzi nilizisoma pia. Mimi na Mola wangu tutaelewana. Wewe na mimi tuelewane hivi: asipande zaidi ya ngazi ya tatu, kwa kuwa juu ndipo ninaposwali. Na Malai asiwe mfungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nyumba ambayo paka anaishi juu ya kabati siwezi kuikaa.

Mwanangu Umair anakuja kutoka Nairobi tarehe tisa Agosti. Siku hizi mambo ya nyumba yako mikononi mwake. Akikuta vita sitaweza kumzuia, namjua. Basi tuna hizi wiki chache za kuwafundisha wanyama wawili adabu.

Swali, na unijibu: Sajini amewahi kuua paka?

Hajrabai


Chini
Jumamosi, 12 Julai

Mama Hajrabai,

Asante. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na pale pa msiba nimeona aibu.

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa Mwembe Tayari. Anasema kosa ni kuwakutanisha kwa haraka. Kwanza wajuane kwa pua. Kila mmoja alalie kitambaa cha mwenzake, ale chakula chake karibu nacho, mpaka harufu ile iwe kitu cha kawaida ndani ya nyumba. Baadaye wale kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Mwisho kabisa ndio waonane, mbwa akiwa na kamba.

Kwa hiyo ndani ya kikapu kuna kipande cha blanketi. Sajini amekilalia tangu aje. Mwekee Malai karibu na sahani yake, nawe uniteremshie kitu alicholalia Malai.

Kuhusu swali lako, Sajini kazi yake ilikuwa kulinda mizigo. Kwangu ni mpole, anakula mkononi.

Ketty


Juu
Jumatatu, 14 Julai

Bi Ketty,

Kitambaa kimefika. Nilikishughulikia inavyostahili, na jana Malai alikilalia kutwa nzima bila hata kunusa mara mbili. Nilitegemea vita, nikaona usingizi. Ameshuka kabatini na amekula.

Nakuteremshia leso yangu ya zamani ya kujifunga, ambayo Malai ameifanya godoro tangu mwaka jana. Nimeitengeneza vizuri. Kitu hakitoki mlangoni kwangu hivi hivi, hata kikiwa kinakwenda kwa mbwa.

Hajrabai


Chini
Jumatatu, 21 Julai

Mama Hajrabai,

Sijui nianzie wapi, nina furaha. Sajini ameipenda leso ya Malai kupita kiasi. Siku ya kwanza alitia pua ndani yake akashusha pumzi ndefu, ile aliyokuwa akiishusha kila Ken alipomvua mkanda wa kazi. Sasa halali bila leso. Anaibeba kwa mdomo mpaka chini ya ngazi, analala nayo hapo, anatazama juu. Jioni ukifungua mlango wako wa ngazi ili hewa ipite, mkia wake unapiga sakafu.

Nilimpigia simu daktari. Alistaajabu, akasema hajaona mbwa wa godauni aliyezoea harufu ya paka upesi hivi. Nadhani tuanze kuwalisha milangoni.

Ketty


Nairobi
Alhamisi, 24 Julai 2025

Kwa Bi Ketty Awino, Mpangaji

KUH: MBWA

Nimearifiwa na majirani kwamba umeingiza mbwa katika nyumba ya mama yangu. Mama anasema amekuruhusu. Mama ana huruma na ana miaka sabini na sita, na akianguka kwenye ngazi zile hakuna wa kumsikia.

Nimeuliza Shimanzi, ninakofahamiana na watu. Nimeambiwa mbwa huyo alisifika kwa jambo moja, kwamba tangu alipoletwa godauni lile halikukaa paka tena. Paka hawakuhama, Bi Ketty. Waliokotwa asubuhi. Je, Mama analijua hilo, au umemficha?

Nitafika Jumamosi tarehe tisa Agosti. Nataka nikute mlango wa ngazi uko wazi, mbwa hakufungwa, paka hakufungiwa, na wote wawili wako wazima mbele ya macho yangu. Nikikuta kamba au kufuli, mbwa ataondoka jioni hiyo.

Umair Allarakha


Chini
Jumapili, 27 Julai

Mama Hajrabai,

Mambo ya milangoni yamekwenda vizuri, wewe mwenyewe umeona. Malai anakula upande wako, Sajini upande wake, hakuna aliyemfokea mwenzake. Naomba tusisubiri zaidi. Tuwakutanishe Jumamosi hii, tarehe mbili, ili tubaki na wiki nzima ya kuwazoesha kabla Umair hajafika.

Nitamshika Sajini kwa kamba chini ya ngazi. Wewe ukae juu na Malai.

Ketty


Juu
Jumatatu, 28 Julai

Ketty,

Naona una haraka ghafla. Haya, Jumamosi baada ya alasiri. Nitampakata Malai. Nakwambia wazi kwamba naogopa, ili usije ukasema hukujua.

Hajrabai


Juu
Jumamosi, 2 Agosti, magharibi

Ketty,

Malai hayuko.

Nimeita roshanini mpaka sauti imenikauka. Zein amepita vichochoro vyote mpaka kule nyuma ya msikiti, hajamwona. Nilianguka pale mlangoni, na mkono una mikwaruzo ya makucha aliyoniachia akiruka. Alipita roshani hiyo hiyo ninayoteremshia kikapu.

Niliyaona macho ya mbwa wako alipomwona. Hakuwa yule mbwa uliyekuwa ukiniandikia, anayebeba leso. Kamba ilikuponyoka na alikwea ngazi zote kana kwamba hazipo. Huyo alikuwa anaijua kazi anayokwenda kuifanya.

Nilikuuliza, ukanijibu kuhusu mizigo. Nakuuliza mara ya pili, na safari hii nataka ndiyo au la. Amewahi kuua paka?

H.


Chini
Jumapili, 3 Agosti

Mama,

Ndiyo. Zaidi ya mmoja. Ken aliniambia, mwanzoni kama sifa, baadaye hakutaka tuzungumze habari hizo. Wenye godauni walikuwa wakimpa Sajini nyama kila alipofanya hivyo. Nilijua tangu siku ya kwanza. Umair naye alilijua akaniandikia, ndiyo sababu nilikuharakisha. Nilidhani wakionana vizuri mara moja halitakuwa na maana tena. Nimekufanyia ubaya na sina cha kujitetea.

Nimezungumza na daktari. Kesho jioni nikitoka kazini nitampeleka Sajini. Usimwambie mtu anisaidie, nitakwenda naye mwenyewe kwa miguu, anapenda kutembea.

Kitu kimoja tu sikielewi, na nakiandika kwa sababu kinaniumiza kichwa. Amelala na harufu ya Malai wiki tatu. Alikuwa akiililia leso ile. Vipi amwone mwenyewe na asimjue? Na uliona alichofanya baadaye. Malai alipokwisha ruka, Sajini hakumfuata roshanini. Aligeuka akaja pale ulipoanguka, akalaza kichwa kwenye pindo la gauni lako akashusha pumzi, mpaka ulipomfukuza kwa fimbo.

Naendelea kumtafuta Malai.

Ketty


Juu
Jumatatu, 4 Agosti, alfajiri

Ketty, mwanangu,

Usimpeleke popote. Soma hii kabla hujatoka kwenda kazini, na kama umeshatoka Mungu anisamehe. Nimemwambia Zein akupigie simu pia.

Malai amepatikana. Alikuwa stoo kwa Zein, amejibanza nyuma ya magunia ya mchele, mzima, na kiburi chake chote.

Sasa nikwambie. Usiku nilirudia swali lako, vipi amwone na asimjue, na nikajibiwa na gauni langu mwenyewe, linalonukia udi kama nguo zangu zote. Lile blanketi la mbwa ulilonipa, ningeliwekaje nyumba ninayoswalia? Nililifua mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, nikalianika juani. Malai alilalia sabuni. Na leso niliyokupa, ilikuwa imejaa manyoya. Kwetu nguo haitoki kwenda kwa mtu bila kufuliwa na kufukizwa udi, hata ya kuazima, ndivyo nilivyofundishwa siku nilipoletwa nyumba hii bibi harusi. Niliifua, nikaitandaza juu ya chetezo, nikaitia udi mzuri ule wa Alhamisi. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilifanya yenyewe.

Kwa hiyo hao wawili hawajawahi kujuana. Malai hamjui mbwa, na Sajini wiki zote hizo alikuwa akinizoea mimi. Alikuja kunilalia miguuni kwa kuwa mimi ndiye yule aliyekuwa akimngoja chini ya ngazi. Nami nikampiga fimbo.

Bado nimekukasirikia kwa kunificha. Lakini huwezi kumuua kwa kosa ambalo nusu yake ni udi wangu.

Hajrabai


Chini
Jumatatu, 4 Agosti, jioni

Mama,

Simu yangu ilizimika kutwa, Zein akanipata nikiwa nimeshamtia Sajini kamba. Nilikaa chini mlangoni nikalia mpaka wapita njia wakasimama.

Tumebakiwa na siku chache sana na tunaanza upya. Daktari anasema muda hautoshi kuanza na vitambaa. Lakini nilipomweleza habari ya udi akasema: kama harufu hiyo kwake ni ya mtu wake, basi paka naye awe nayo. Si moshi wenyewe, utamdhuru. Avikwe leso iliyofukizwa, akae juu ambapo Sajini hawezi kumfikia. Nawe nitumie kitu cha Malai kisichofuliwa. Nakuomba, hata kama kina aibu.

Ketty


Juu
Jumanne, 5 Agosti

Ketty,

Nakutumia foronya ya Malai kama ilivyo. Nimeifunika kwa gazeti ili Zein asiione. Na blanketi chafu ulilonipandishia liko jikoni, mbali na msala, Malai amelitukana kisha akalikalia.

Mahali pa juu nimepapata. Nitamtia Malai ndani ya kikapu, amefungwa leso ya udi, nimteremshe kwa ndani, kwenye uwazi wa ngazi. Anakipenda kikapu, hulala humo mchana. Kamba naifunga kwenye nguzo, sitaishika kwa mkono. Wewe yako funga kwenye pete ya mlango. Mikono yetu sisi wawili tumeshaiona.

Hajrabai


Chini
Alhamisi, 7 Agosti

Mama,

Nimeandika yote ili usiseme napamba. Jumanne alipoona kikapu alisimama wima, manyoya ya mgongo juu. Alivuta kamba mara moja. Kisha harufu ikamshukia, akaanza kuangalia kikapu, halafu mlango wako, halafu kikapu, kama mtu aliyeitwa na watu wawili. Alikaa. Jana ulipokiteremsha zaidi alilala, lakini hakufumba jicho lake zima. Leo Malai ametoa mkono nje ya kikapu na kumgusa sikio. Sajini alitetemeka mwili mzima. Hakufanya kitu. Nilimpa nyama.

Sijui kama amempenda au anajizuia tu. Bado hatujawahi kumfungua kamba.

Ketty


Chini
Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Mama,

Wameniita yadi, kuna makontena lazima yatoke leo na karani mwenzangu ni mgonjwa. Nimeomba, wamekataa. Jana usiku tulimfungua kamba kidogo na hakusogea, lakini nilikuwa nimeishika shingo yake. Leo sitakuwepo.

Nimemfungua kama Umair alivyotaka. Mlango wa ngazi uko mikononi mwako. Ukiona huwezi, ufunge, na mimi nitaelewa, hata kama ndio mwisho wake.

Ketty


Juu
Jumamosi, 9 Agosti, baada ya isha

Mwanangu Ketty,

Ukirudi utamkuta Sajini amelala kwenye ngazi, usistuke. Soma mpaka mwisho.

Niliuacha mlango wazi. Malai alishuka kwa miguu yake, leso imemning'inia, akakaa ngazi ya nne kujilamba. Sajini alikuwa ya tatu, na hakuivuka. Nilikaa juu na tasbihi nikawatazama hivyo mpaka karibu na adhuhuri, na sikumbuki nilichokuwa nikisoma.

Umair ana ufunguo wake, hakubisha. Alipoweka mguu ngazi ya kwanza Sajini akasimama. Hakubweka. Alijaza ngazi nzima, akanguruma, na ule mngurumo niliusikia mpaka kwenye nyayo zangu. Nikasema basi, Malai atakimbia, huyu atageuka kumfuata, na yote yataishia hapa. Malai hakukimbia. Alijibana kwenye mguu wa nyuma wa Sajini, akamtazama mwanangu kwa pale.

Umair alipaza sauti. "Mama, mwambie anipishe. Mimi ni wa nyumba hini."

Nikamwambia, "Wewe wajua, nami najua. Yeye hajui. Huna harufu ya nyumba hini tena, mwanangu."

Sikukusudia kumuumiza, nilikuwa namweleza habari za mbwa. Lakini neno likishatoka unaliona linapofikia. Aliteremsha mguu wake. Nikamtupia leso nyingine, iliyotoka kwenye chetezo asubuhi. Aliidaka, akaipeleka usoni, akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akakaa ngazi ya kwanza na suruali yake ya Nairobi, mabega yanamtikisika, na nikashindwa kushuka kumshika kwa sababu ya magoti haya.

Aliyemfikia ni Sajini. Alishuka, akanusa leso, akanusa mikono, akashusha ile pumzi yake. Halafu akampisha.

Tumekula pamoja. Hakuniuliza habari za godauni. Aliniuliza ile barua ya onyo aliyokuandikia iko wapi, nikasema unayo. Akasema ilete, tuwashie mkaa wa chetezo.

Mama yako,
Hajrabai


Nairobi
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mama,

Nakuandikia kwa karatasi, kwa kuwa nimegundua kwamba simuni huwa unaitikia tu bila kunisikia. Msalimie Bi Ketty, na wale wawili.

Leso nilisafiri nayo bila kukuomba. Imeanza kuisha harufu. Niitume kwa basi uifukize, au vipi?

Umair


Juu, Mji wa Kale
Ijumaa, 22 Agosti

Umair,

Usiitume kwa basi. Njoo nayo. Na ukifika, simama ngazi ya kwanza umngoje akunuse.

Mama